Niko Nyuma Yako

Mwanaume akijaribishwa koti lenye pini hana pa kukimbilia. Amesimama mikono imetanuliwa kama sanamu ya kufukuzia ndege, pini kwapani, pini ubavuni, pini shingoni, na akijitingisha kidogo tu anachomwa. Ukitaka kumuuliza mwanaume swali la maana, muulize akiwa humo.

Sindano alilijua hilo. Ndiyo maana alisubiri mpaka pini ya mwisho iingie kwenye ukosi.

“Kesho utasimama wapi?”

Seremala akacheka, akachomwa, akaacha kucheka. “Nitasimama utakaponiambia nisimame.”

“Hilo ni jibu la mtu anayeogopa pini. Nataka jibu lako.”

“Nyuma yako. Sindano, mimi niko nyuma yako. Unataka nikuapie kwa randa yangu?”

“Shoga, mchome moja,” alisema Msusi kutoka kona ya pili, bila kuinua macho kwenye kichwa alichokuwa anakisuka. “Mchome halafu useme imeteleza. Tuone kama jibu litabaki lile lile.”

Chumba kile walikuwa wanakodi wawili, Sindano na cherehani yake upande wa dirisha, Msusi na vioo vyake upande wa mlango. Mteja akija kushona sare alitoka na habari zote za mtaa, na akija kusuka alitoka na nyuzi kwenye sketi. Jina la Sindano hakupewa kwa ajili ya kazi peke yake. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na maneno yake yalikuwa yanaingia kabla hujajua umechomwa wapi. Ila kwa huyu mwanaume aliyemsimamisha mbele ya kioo, maneno yalikuwa yanamlegea. Alikuwa anapanga mikunjo ya koti ambayo haikuhitaji kupangwa, mradi mkono uendelee kuwa pale.

Koti lilikuwa la harusi. Lilikuwa bado limepigwa bandi, zile nyuzi nyeupe ndefu za mkono ambazo fundi anazipitisha kushikiza kitambaa kabla cherehani haijapita juu yake.

“Na kitanda kimefika wapi?” aliuliza Msusi. “Maana koti bila kitanda ni mkutano wa hadhara.”

“Kimebaki upande wa kichwani,” Seremala alijibu. “Sindano kanichagulia ubao wenye jicho, lile fundo la tawi. Kila seremala mwenye akili anautupa ubao wenye jicho. Yeye anautaka.”

“Nautaka,” alisema Sindano. “Lituangalie. Siku ukinidanganya liwe shahidi.”

Walitazamana kwenye kioo, sekunde moja ndefu, mpaka Msusi akajikohoza kwa kukumbusha kwamba chumba kina watu.

Sasa nikueleze kwa nini swali la kusimama lilikuwa zito namna ile. Sindano alikuwa anagombea kiti cha kamati ya shule ya msingi ya mtaani kwao. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa anamlea binti wa dada yake marehemu, aliyekuwa darasa la sita, mtoto mpole ambaye siku moja alianza kuacha chai ya asubuhi. Anakaa mezani, anaizungusha kwa kijiko, anaiacha. Sindano akadhani ni deko. Siku mtoto alipoanguka mstarini kwa kukosa maji mwilini ndipo akasema, tena kwa kumnong’oneza: vyoo vya wasichana havina milango. Ile ya zamani ilioza kwa chini, ikang’olewa ipelekwe kutengenezwa, haikurudi. Wasichana wanakwenda wawili wawili, mmoja anashika sweta kama pazia, na wavulana wanapita wakipiga miluzi. Kwa hiyo wenye akili wameacha kunywa chai.

Hapo Sindano akaenda kuandikisha jina lake. Kiti kilikuwa kimoja, na mwenyewe alikuwepo juu yake tangu baadhi ya wazazi wa leo wakiwa wanavaa sare. Mwenyewe huyo alikuwa Dada Mkubwa. Na Dada Mkubwa alikuwa dada wa tumbo moja wa Seremala.

Umeona kazi hiyo?

Wala hazikuwa kura za karatasi. Pale wagombea wanasimama mbele ya ubao wa darasa, uso ukutani, mgongo kwa watu, wasije wakaona nani kamwendea nani na kuwekeana kinyongo. Mzazi anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Watu wakishajipanga, wagombea wanaambiwa wageuke, na hapo wanaona kwa mpigo mmoja yote waliyofichwa. Aliyebuni utaratibu huo, mimi naamini alikuwa hajawahi kuwa na mchumba.

“Hodi humu.”

Sauti ile haikuhitaji kukaribishwa. Dada Mkubwa aliingia akiwa na mkoba wake mweusi kwapani, akasimama katikati ya chumba, akamtazama mdogo wake aliyejaa pini.

“Shikamoo, wifi,” alisema Sindano.

“Marahaba. Gauni langu limekwisha?”

Ndiyo, msomaji, gauni ambalo Dada Mkubwa angelivaa siku ya kura lilishonwa na mpinzani wake. Mtaa ulikuwa na fundi mmoja anayejua kukata mabega.

“Limekwisha. Liko hapo kwenye msumari.”

Dada Mkubwa akalishusha, akalipima kwa macho. “Nataka kesho nipendeze ninapokushinda.”

“Ndiyo maana nimeacha nafasi mabegani, wifi. Kushindwa nako kunataka pa kukaa.”

Mwanamke aliyekuwa anasukwa akacheka, Msusi akamvuta nywele anyamaze.

“Una mdomo,” alisema Dada Mkubwa, wala hakuwa amekasirika bado. “Kamati haiendeshwi kwa mdomo. Milango itakuja. Kila kitu kwa zamu yake.”

“Zamu ya kioo cha ofisi yenu ilifika. Zamu ya zulia ikafika. Wale wasichana wako foleni ipi, wifi, ili niwaambie wahame?”

“Sindano,” alisema Seremala taratibu.

“Niache niongee na wifi yangu.”

“Muache aongee,” alisema Dada Mkubwa. Akaweka gauni mkononi, akamgeukia mdogo wake. Sauti ikashuka, na iliposhuka ndipo ikawa ya kutisha. “Mimi nina neno kwako wewe. Mama alipotutoka ulikuwa unatambaa. Nilikubeba mgongoni nikiosha vyombo vya watu. Wachumba walikuja. Kila mmoja alisema, nakutaka wewe, mtoto abaki. Nikawaambia basi na nyinyi bakini. Ukakua, ukaoa, mkeo akafariki, ukaniletea na mtoto wako nikambeba kwenye mgongo huo huo. Sikudai.”

“Dada, najua.”

“Hujui. Watu wanasema eti kesho wewe utasimama nyuma ya huyu. Wewe umekaa nyuma yangu kabla hujajua kusimama. Sasa sikiliza. Ukinifanyia hivyo mbele ya mtaa mzima, usirudi kwangu. Na mwanao ukamchukue jioni hiyo hiyo.”

“Dada, usiseme hivyo jamani.”

“Nimeshasema.” Akafika mlangoni, akageuka. “Gauni zuri, wifi. Ahsante.”

Chumba kikabaki na mlio wa kitana cha Msusi. Seremala alikuwa bado ametanua mikono. Hakuna aliyekumbuka kumwambia aishushe. Sindano akaanza kuchomoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye kifuko cha pamba mkononi mwake, na kila pini aliichomoa polepole kuliko ile ya kabla yake.

“Bado uko nyuma yangu?”

“Niko.”

Jibu lilikuja, sikatai. Ila lilikuja likitembea, wakati lile la kwanza lilikuja likikimbia.

“Mwanao nitamlea mimi,” Sindano alisema. “Nimelea mmoja, siogopi wa pili. Lakini kama huwezi, niambie sasa hivi. Sitakasirika. Nitanuna siku mbili tatu, halafu nitamalizia koti. Niambie tu nisiwe nasubiri.”

Seremala akamshika vidole, vile vyenye alama za sindano kwenye ncha. “Nimekwambia niko nyuma yako. Unataka niseme mara ngapi?”

Alimtazama machoni aliposema hivyo, na macho yake yalikuwa mazuri. Kosa la Sindano lilikuwa hilo tu: fundi aliyezoea kupima kila kitu kwa futi, siku ile alipima kwa macho.

*

Kura zilipigwa kwenye darasa la saba. Madawati yalisukumwa ukutani, wazazi wakajaa mpaka madirishani. Ubaoni kulikuwa na hesabu ya sehemu ambayo hakuna aliyeifuta, na Sindano aliisoma mpaka akaijua kwa kichwa, maana hakuwa na kingine cha kutazama. Umbali wa mkono mmoja tu kando yake alisimama Dada Mkubwa, ameangalia ukuta huo huo.

“Gauni limekukaa,” Sindano alinong’ona.

“Linabana kwapani.”

“Shusha pumzi, wifi. Umeivuta tangu umeingia.”

“Na wewe goti linakutetemeka. Lipige breki.”

“Wagombea, kimya!” alisema mwalimu mkuu. “Wazazi, jipangeni.”

Viatu vikaanza. Kusikiliza watu wakikuchagua kwa miguu ni mateso ya aina yake. Ndala za Msusi zilifika za kwanza, zikapiga breki nyuma ya Sindano. “Wa kwanza mimi, shoga. Mgongo wako mzuri hata kwa nyuma.” Watu wakacheka. Vikaja viatu vya kisigino, vikaja viatu vinavyoburuza, wengine kulia, wengine kushoto. Sindano hakuwa anavihesabu. Alikuwa anasubiri mlio mmoja.

Seremala alikuwa anatembea na futi ya chuma kiunoni, na kila hatua futi ile iligonga kifungo cha mkanda: tik, tik. Sindano aliujua mlio ule kuliko mlio wa cherehani yake. Jioni nyingi alikuwa anausikia toka kona ya barabara, na kabla haujafika mlangoni alikuwa ameshajitazama kwenye vioo vya Msusi. Sasa aliutafuta katikati ya viatu vyote vile, na haukuja. Viatu vikapungua, vikaisha. Haukuja.

“Wagombea, geukeni.”

Akageuka. Mistari miwili, mirefu sawa kwa macho, imefika mpaka nyuma kabisa. Akaupitia wa kwake uso kwa uso, Seremala hayumo. Akaupitia wa Dada Mkubwa, hayumo. Dada Mkubwa naye alikuwa anatafuta, kwa hiyo walimwona kwa pamoja.

Alikuwa mlangoni. Ameinama, mkono mmoja kwenye mlango, anauchezesha huku na huku, anakagua bawaba.

Ndiyo. Shughuli yote ile, yeye alikuwa amekumbuka bawaba.

“Fundi!” alipaza mtu. “Hiyo bawaba nayo inagombea?”

Darasa likapasuka kwa kicheko. Seremala akacheka pia, kicheko cha mtu aliyekutwa jikoni kwa jirani. “Inalia,” alisema. “Nilikuwa naiangalia tu.”

Sindano hakucheka. Aliwahi kumwona mwanaume huyu akibeba gogo peke yake, akimbishia mteja mbele ya watu, akilia bila kuficha alipomtaja marehemu mkewe. Hakuwahi kumwona akiwa mdogo namna hii.

Mwalimu mkuu alihesabu mistari, akarudia, akamwita mwalimu mwingine akahesabu naye. Kisha akavua miwani.

“Imelingana.”

Kelele zikapanda. Mwalimu mkuu akagonga meza. “Kuna mzazi hajasimama popote. Fundi, mlango huo ni wa shule, hautatoroka. Njoo hapa. Wengine wote kaeni. Wagombea, geukeni tena ukutani.”

Wakageuka. Hesabu ile ile ya sehemu. Nyuma yao watu wakakaa chini, darasa likawa kimya mpaka ukasikia chaki ikidondoka kwenye ukingo wa ubao.

Tik.

Sindano akafumba macho.

Tik. Tik. Mlio ukaja katikati ya darasa, ukapinda, ukaja upande wake. Ukaja mpaka karibu, ukasimama nyuma yake. Akasikia harufu ya mbao mbichi na gundi. Akasikia pumzi yake kwenye shingo, pale pale ambapo jana yeye alimpima ukosi.

“Sindano,” alisema kwa sauti ndogo sana.

Hakujibu, wagombea hawaruhusiwi kusema. Lakini mwili wote ulimjibu. Alihisi goti limeacha kutetemeka. Akafumbua macho ili aitazame mara ya mwisho ile hesabu ya ubaoni, na kwa pembe ya jicho akamwona Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa hakugeuka, hakukohoa. Aliinama kidogo tu mbele, akapeleka mkono nyuma, akajipiga mgongoni kwa kiganja, polepole, mara mbili. Vile mwanamke anavyomwita mtoto apande mgongoni.

Kama alikusudia, au mkono ulikwenda wenyewe kwa mazoea ya miaka, Sindano hakujua siku ile na hajui mpaka leo.

Pumzi ile ikaondoka shingoni.

Tik. Tik. Tik. Hatua tatu za mtu mzima, ila miguu ilikuwa ya mtoto.

“Geukeni,” alisema mwalimu mkuu.

Sindano hakuhitaji kugeuka, akageuka hivyo hivyo. Seremala alikuwa amesimama nyuma ya dada yake, ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye viatu. Watu wa upande ule walipiga makofi. Dada Mkubwa hakushangilia. Alimpapasa mdogo wake kichwani, akasema, “Haya, baba. Haya. Yameisha.”

“Hongera,” Sindano alimwambia, akampa mkono. Alikuwa ameandaa kusema “hongera, wifi.” Neno la pili lilimkwama, akaliacha pale kwenye vumbi la chaki.

Msusi alimshika kiwiko wakatoka. “Usimtazame. Shoga, nakwambia usimtazame. Ukimtazama utamhurumia, na mimi sitaki kufunga duka leo kukubembeleza.”

Nje, kwenye ngazi, binti wa dada yake alikuwa anamsubiri, sweta amelifunga kiunoni.

“Mama Mdogo, tumepata milango?”

“Bado, mwanangu.”

Mtoto akafikiri. “Basi kesho nisinywe chai?”

Sindano hakulia mbele ya ubao, hakulia mbele ya mtaa. Hapo nusura alie. Akamfungua lile sweta kiunoni, akaanza kulikunja, akalikunja tena.

“Kunywa. Mimi nitakuja kukushikia pazia mwenyewe.”

Na kweli alikwenda. Kila mapumziko, fundi mzima wa nguo aliacha cherehani, akasimama mbele ya vyoo vya shule ametandaza kitambaa cha shuka, wavulana wakipita wanakatisha miluzi kwa kumwogopa. Dada Mkubwa alimwona akiwa dirishani ofisini, nyuma ya kioo chake. Akashusha pazia. Ofisi ilikuwa na pazia.

*

Seremala alikuja dukani zaidi ya mara moja. Msusi alimjibu mlangoni: fundi hayupo. Akiwa anasema hayupo, cherehani inanguruma nyuma yake. Mwisho Seremala akaacha kuja, na mlio ule wa tik tik ukawa unapita mbali, upande wa pili wa barabara.

Halafu mchana mmoja binti alirudi mbio, mdomo wazi. “Mama Mdogo! Fundi mbao anaweka milango!”

Sindano alikwenda. Hakujitazama kwenye kioo kabla ya kutoka, na Msusi aliliona hilo.

Alimkuta amepiga magoti mbele ya choo cha mwisho, misumari mdomoni. Milango mingine yote ilikuwa imeshawekwa, mbao mpya, imenyooka, imepigwa randa mpaka inateleza. Alipomwona akatema misumari kiganjani, akasimama.

“Habari za kazi,” alisema Sindano.

“Nzuri. Karibu.” Akajifuta mikono kwenye suruali. “Umepungua.”

“Nguo zangu nashona mwenyewe, nitazipunguza. Dada yako amekubali?”

“Alisema kila kitu kwa zamu yake. Nikamwambia zamu imefika, na nikatoka.”

“Kumbe unaweza kumwambia.”

Hilo lilimwingia, akaliacha likae. “Sindano, nilisimama pale kwa ajili ya mtoto. Angenitupia mtoto jioni ile ile, unamjua. Na angekaa peke yake katika nyumba ile, amekwishanipa ujana wake wote. Mkono wake ulipogonga mgongo, mimi sikuwa na akili tena. Nilikuwa na miaka miwili.”

“Nimekuelewa.”

Uso wake ukafunguka. “Umenisamehe?”

“Nimekuelewa, nimesema. Usivichanganye.” Sauti yake haikupanda. “Kwenda kwa dada yako hakujaniumiza sana. Mtu kulelewa si mchezo. Kilichoniumiza ni bawaba. Mimi nakusubiri mgongo wazi mbele ya watu, wewe unakagua bawaba. Nilikuuliza ukiwa kwenye pini, nikakuuliza pini zimetoka. Ungesema siwezi, leo ningekuwa mkeo.”

“Niliogopa kukupoteza.”

“Ukaona bora unipoteze mbele ya watu.”

Seremala akachukua nyundo, akairudisha chini. “Na koti?”

“Nimelifumua.”

“Lote?”

“Lilikuwa la bandi. Bandi haina kazi, unavuta uzi mmoja, zote zinakuja. Hata sisi tulikuwa tumepigwa bandi tu, Seremala. Tulipendeza kwenye kioo. Cherehani ilikuwa haijapita.”

“Basi ipite sasa. Niko hapa. Sasa hivi nitasimama popote, mbele ya yeyote, utakapo…”

“Kura zimekwisha.”

Alisema hivyo kwa upole, kama anamwambia mteja kitambaa hakitoshi. Seremala akageukia mlango, mabega yamemwanguka. Akaugonga kidogo kwa kiganja.

“Huu ni wa mwisho. Mbao zilikuwa zimepungua. Komeo nimeliweka kwa ndani, jepesi, mtoto aweze kulisukuma. Mkono wangu mzito, siwezi kujua kama ni jepesi kweli. Nijaribie.”

Sindano akaingia, akavuta mlango, akasukuma komeo. Likateleza, likaingia mahali pake bila kelele. Kazi nzuri. Kazi yake ilikuwa nzuri siku zote.

Mle ndani palikuwa na giza jepesi na harufu ya mbao mbichi na gundi. Akaweka kiganja juu ya ubao, akapapasa, na mkono ukakuta fundo la duara, laini, limepigwa randa kwa uangalifu mkubwa. Akainama alitazame, ingawa alikwishajua.

Lilikuwa lile jicho. Ubao wa kichwani. Mbao zilipungua, akavunja kitanda.

Sindano akajiziba mdomo kwa mkono wa gauni, akaegemeza paji la uso palepale, na kile alichokataa kukitoa mbele ya ubao na mbele ya ngazi kikatoka chote, kimyakimya, mabega yakimruka kama cherehani isiyo na uzi.

Nje, tik, tik. Alikuwa anazunguka hapo mlangoni, hajui akae wapi.

“Linashika?” aliuliza.

Sindano akafuta macho. Akahakikisha sauti imerudi mahali pake kabla hajaitumia.

“Linashika.”

“Fungua basi nione.”

Jicho lilikuwa linamwangalia. Nje hakuna aliyeona kitu.

“Ngoja kwanza,” alisema.